Mbeba Boksi na Daftari Lake

Jumapili moja ya mwezi wa pili, baada ya ibada, mama mmoja mzaliwa wa Uvira, Kongo, aligonga mlango wangu akiwa na mfuko wa plastiki uliojaa bahasha. Tunaishi mtaa mmoja hapa Louisville, Kentucky. Kabla ya hapo alikaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, Tanzania, ambako ndiko nyumbani kwetu. Kule nilikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, na mama huyu hajawahi kuniita jina jingine. Hapa nabeba maboksi ghalani, na usiku wa siku tatu kwa wiki nalea wazee.

"Mwalimu," alisema akimwaga bahasha mezani, "yule kijana wa kodi anasema nadaiwa na serikali. Mimi sijakopa kwa mtu."

Deni lilikuwepo: dola elfu tano na ushee. Na ni kweli hakukopa kwa mtu. Mwaka mzima alikuwa akisafisha ofisi usiku kwa kampuni ndogo iliyomwambia siku ya kwanza kwamba malipo yake hayatakatwa hata senti. Akaona amepata bahati. Nitarudi kwenye deni hilo, maana ndani yake mna somo kubwa kuliko mengine yote, ila lazima tuanzie kwenye jambo dogo zaidi.

Nawaandikia waliofika karibuni, wanaofanya kazi ambazo Watanzania tunaziita kwa jina moja la utani, kubeba maboksi, hata kama boksi lenyewe ni mzee wa kilo tisini anayehitaji kugeuzwa kitandani, au paja la ng'ombe linalopita mbele yako kwenye mkanda wa kiwanda cha nyama. Ujira mdogo siwezi kuupandisha kwa makala. Ninachoweza ni kukusaidia ili hata huo mdogo usikupungukie.

Anza na daftari. Si programu ya simu, ingawa nayo si mbaya. Nasema daftari la karatasi, lile la dukani la dola moja. Kila siku ya kazi andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, dakika ulizopumzika kwelikweli, mahali ulipofanya kazi na jina la msimamizi wa zamu. Mwisho wa wiki piga picha ukurasa. Utaniuliza, kwani mwajiri hana mashine ya kurekodi saa? Anayo, na sheria inamtaka awe na kumbukumbu hizo. Lakini mwaka 1946 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya wafanyakazi wa kiwanda cha vyombo vya udongo cha Mt. Clemens, kwamba mwajiri asipotunza kumbukumbu sahihi, mfanyakazi anaweza kuthibitisha saa zake kwa makadirio ya haki kutokana na ushahidi alionao. Daftari lako ni ushahidi wa namna hiyo. Linalala droo moja na mswaki, lakini mahakamani linasikilizwa.

Siku ya malipo, weka slipu ya mshahara kando ya daftari. Usitazame ile tarakimu ya mwisho tu kama tunavyofanya wengi wetu. Tazama saa. Sheria kuu ya ajira, iliyopitishwa mwaka 1938, inasema ukivuka saa 40 katika wiki moja, kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Wiki ndilo neno la kushika hapo. Waajiri wengi hulipa kila baada ya wiki mbili, na baadhi yao hujumlisha: wiki ya kwanza umefanya 50, ya pili 30, jumla 80, basi hakuna ovataimu. Hesabu hiyo ni ya uongo. Unadai saa 10 za ovataimu za wiki ya kwanza, na wiki ya pili haina cha kuzipunguza. Hospitali na nyumba za kulelea wazee zinaruhusiwa mpango tofauti, wa siku 14, lakini kwa makubaliano ya kabla, na hapo ovataimu huanza ukivuka saa 8 kwa siku au 80 kwa siku hizo 14. Kwa hiyo ukiwa mlezi wa wazee unayepiga dabo, saa 16 mfululizo, uliza mapema mahali pako pa kazi panafuata mpango upi. Ulizia kwa maandishi.

Jambo moja huwavunja moyo wageni wanapolijua: saa za ajira mbili tofauti hazijumlishwi. Ukifanya 35 ghalani na 35 kwa wazee, umefanya 70 mwilini mwako lakini kisheria hukuvuka 40 popote. Nawajua watu waliopanga maisha yao juu ya ovataimu ambayo haikuwepo. Ukipata kazi moja inayokupa saa 55, kwa kawaida inakulipa kuliko mbili za 30 zenye ujira uleule, na inakupunguzia nauli na usingizi wa kwenye basi.

Ujira wa chini kabisa kwa nchi nzima ni dola 7.25 kwa saa, na haujapanda tangu Julai 2009. Kentucky, Tennessee, Texas na Iowa zinafuata huohuo. Jimbo la Washington limeshavuka dola 16. Maghala na viwanda vingi hulipa zaidi ya 7.25 kwa sababu bila hivyo hawapati watu, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba 9 ni wema. Anayehudumia mezani anaweza kulipwa 2.13 na mwajiri, mradi bakshishi zijaze mpaka 7.25. Zisipojaza, mwajiri ndiye anayejaza.

Nikwambie yaliyonipata mimi, ili usidhani mwalimu alizaliwa anajua.

Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, mashine hukata dakika 30 za mlo kila zamu, ule usile. Nilikuwa nakula wali wangu nimesimama, kijiko kimoja na kengele moja. Chumba cha 12 anataka maji, chumba cha 7 ameteleza, na wali umepoa. Nilidhani ndivyo nchi ilivyo. Siku moja nikaanza kuandika. Baada ya wiki tisa nilikuwa na zamu 27 daftarini, na katika zamu 19 sikupata mapumziko kamili. Sheria iko wazi: muda wa mlo usiolipwa ni ule ambao umeachiwa huru kabisa na kazi. Ukiitika kengele, uko kazini, na unalipwa. Vipumziko vifupi, vya dakika 5 hadi 20, navyo vinalipwa pale mwajiri anapovitoa.

Nikaenda kwa dada wa ofisi ya mishahara na daftari langu. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akafungua droo, akatoa fomu ya mlo uliokatizwa. "Hukuwahi kupewa hii?" Sikuwahi. Ilikuwa mle ndani muda wote, imepigwa chapa vizuri, inasubiri mtu aiulizie. Nusu saa mara 19 ni saa 9 na nusu. Kwa dola 16 ni dola 152. Nilizipata kwenye malipo yaliyofuata. Si nyingi. Lakini kwa kiwango hicho, zamu tatu kwa wiki, wiki 52, ni takribani saa 55 kwa mwaka, karibu dola 880, na mimi nilikuwa na miaka miwili pale. Kwa kawaida madai ya ujira yanarudi nyuma miaka miwili, au mitatu ikithibitika mwajiri alivunja sheria makusudi. Daftari langu lilirudi nyuma wiki tisa tu. Zile nyingine nilizigawa sadaka bila kunuia.

Ndugu wa viwanda vya nyama wana lao. Kuvaa na kuvua vile vizibao vya chuma na aproni maalumu za kazi kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ilisema hata mwendo kutoka chumba cha kuvalia hadi kwenye mkanda unahesabiwa. Mkataba wa chama cha wafanyakazi unaweza kubadilisha sehemu ya hayo, kwa hiyo muulize mwakilishi wenu. Na anayekwenda nyumba kwa nyumba kulea wazee kupitia ejensi moja aandike pia mwendo wa kati ya mteja na mteja. Safari ya kutoka kwako asubuhi ni yako. Ile ya katikati ya kazi ni sehemu ya kazi.

Sasa turudi kwa mama wa Uvira.

Ndani ya mfuko wake kulikuwa na karatasi iliyoandikwa 1099. Mwajiriwa hupewa W-2. Anayepewa 1099 anatambuliwa na serikali kuwa mfanyabiashara anayejitegemea, kama fundi bomba mwenye gari na wateja wake. Tofauti yake kwa fedha ni hii. Mwajiriwa aliyelipwa dola 30,000 kwa mwaka hukatwa asilimia 7.65 kwa ajili ya pensheni ya Social Security na bima ya afya ya uzeeni, yaani dola 2,295, na mwajiri hulipa kiasi hichohicho juu yake. Mfanyabiashara hulipa pande zote mbili peke yake. Kwa faida ya dola 30,000 hiyo ni takribani dola 4,239, na kodi ya mapato haijaingia bado. Hapo ndipo elfu tano za mama zilipotoka. Kampuni haikumkata senti, kama ilivyoahidi. Ilimwachia akatwe kwa mkupuo mwezi wa nne, na ikajiondolea na mzigo wake yenyewe.

Je, mama alikuwa mfanyabiashara? Mimi nina kipimo changu cha Kiswahili: dekio ni la nani? Sabuni ya nani? Nani anapanga saa ya kuingia? Ukiumwa, unaweza kumtuma mdogo wako afanye badala yako kisha wewe uchukue faida? Mama aliambiwa saa, akapewa dekio, sabuni na fulana yenye jina la kampuni, na hakuruhusiwa kutuma mtu. Huyo ni mwajiriwa aliyevishwa kanzu ya tajiri.

Mamlaka ya kodi, IRS, ina fomu ya kuomba waamue hilo, inaitwa SS-8, na ina nyingine, 8919, inayomwezesha aliyeainishwa vibaya kulipa sehemu yake tu ya ile 7.65, badala ya kubeba na ya mwajiri. Usizijaze kwa kubahatisha. Nchini humu kuna kliniki za walipakodi wa kipato cha chini, ambazo husaidiwa kwa sehemu na ruzuku ya serikali, na watu wake hawadai chochote au wanadai kidogo sana. Huko ndiko tulikompeleka. Majibu ya SS-8 huchukua miezi, na hadi naandika haya bado anasubiri. Kazi ile ameiacha. Sasa anafua shuka za hoteli, anakatwa kila wiki, na kila wiki ananionesha slipu kwa furaha ya mtu anayeonesha cheti cha ubatizo.

Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kukubali kazi yoyote, hata kabla ya kuuliza ni dola ngapi kwa saa, ni hili: W-2 au 1099? Wakikujibu 1099 na bado unaitaka kazi hiyo, weka kando angalau robo ya kila malipo katika akaunti usiyoigusa, tunza risiti za mafuta na vifaa, na ujue kwamba kodi hiyo hulipwa kila robo mwaka, haingoji mwezi wa nne. Kuhusu kulipwa mkononi bila karatasi yoyote, nitasema machache. Pensheni ya Social Security inahitaji alama 40, na kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya 4, ambayo ni miaka kumi ya kazi iliyoandikwa. Miaka uliyolipwa kwenye bahasha haimo. Ukija kuomba uraia, utaulizwa pia kuhusu kodi zako.

Wenye kazi mbili za W-2 nao wana mtego wao mdogo. Kila mwajiri hukata kodi akidhani yeye ndiye wa pekee, na mwezi wa nne unagundua umekatwa pungufu. Dawa yake ni kisanduku kimoja kwenye hatua ya pili ya fomu W-4. Na mwezi wa nne wenyewe, kabla ya kumpa kijana wa kodi dola mia tatu, tafuta kituo cha VITA, ambako wafanyakazi wa kujitolea huandaa kodi bure kwa watu wa kipato chetu. Mara nyingi vituo hivyo huwa maktaba na makanisani.

Kuumia. Watu wetu wana heshima mbaya sana hapa. Mgongo umekatika ghalani, halafu kwa daktari mtu anasema, "Nimelala vibaya." Anaogopa kufukuzwa. Usifanye hivyo. Mwambie msimamizi siku hiyohiyo, kwa maandishi, ujumbe wa simu unatosha, na uuhifadhi. Kwa daktari sema kwa sauti: nimeumia kazini. Maneno hayo yakiingia kwenye faili, bima ya fidia ya wafanyakazi ndiyo inayolipa matibabu na sehemu ya mshahara. Yasipoingia, bili ni yako. Texas ina utaratibu wake kwa hili: waajiri wengi binafsi kule wanaruhusiwa kutokuwa na bima hiyo, kwa hiyo mliopo Amarillo, Abilene na Houston ulizeni siku ya kwanza ya kazi. Ukiadhibiwa kwa kuripoti hatari au jeraha, una siku 30 tu za kulalamika OSHA, shirika la serikali la usalama kazini. Siku 30 huisha haraka kwa mtu anayesikilizia maumivu.

Na bili ya hospitali ikija hata hivyo, usiifiche chini ya godoro. Hospitali zisizo za kibiashara zinatakiwa na sheria ya kodi kuwa na mpango wa maandishi wa kusaidia wasio na uwezo, na unaweza kuomba hadi siku 240 baada ya bili ya kwanza. Omba fomu ya msaada wa kifedha. Nimeona bili ya dola elfu sita ikifutwa yote kwa fomu ya kurasa mbili na slipu tatu za mshahara.

Hapo utaona tena faida ya kutunza slipu.

Kuna tabia yetu moja ambayo nimeigombania mpaka barazani. Tunafichana mishahara. Tumelelewa hivyo, mtu hasemi anapata ngapi, kuna husuda, kuna vizinga. Wasimamizi nao husema ni marufuku kuzungumzia malipo. Si marufuku. Sheria ya mwaka 1935 inawalinda wafanyakazi wengi wa sekta binafsi wanapozungumza wao kwa wao kuhusu ujira na hali ya kazi, wawe na chama au wasiwe nacho. Ghalani kwetu tulikuwa wanne tulioanza wiki moja: mimi, Mrundi mmoja, Mkongo na kijana wa Eldoret. Kwa mwaka mzima kila mmoja alidhani analipwa sawa na mwenzake. Siku tulipoweka slipu nne juu ya kasha moja, yule wa Eldoret alikuwa anapata dola moja zaidi kwa saa. Si kwamba alipendelewa. Kwenye usaili aliomba. Sisi watatu hatukujua kwamba huombwa. Tuliomba wiki iliyofuata. Wawili wakapewa, mmoja akaambiwa asubiri.

Kuhusu makaratasi ya uhamiaji nitagusa mambo mawili tu yanayokutana na kazi. La kwanza ni fomu I-9 unayojaza ukiajiriwa. Ina visanduku, na cha kwanza kinasema wewe ni raia wa Marekani. Kuna waliokitia alama kwa haraka, na kuna walioambiwa na mtu wa ejensi "weka hapo tu." Usiweke kama hujawa raia. Kujidai raia wa nchi hii ili kupata kazi kunaweza kukufungia grinikadi na uraia moja kwa moja, na milango ya msamaha ni finyu mno. Ukiwa mkimbizi una haki ya kufanya kazi tangu unapowasili, na mwajiri haruhusiwi kukuchagulia hati ya kuonesha, mradi unayoonesha imo kwenye orodha ya fomu. La pili, sisi tunahamahama kufuata kazi na nyumba za bei nafuu. Asiye raia anatakiwa kuarifu uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10, kwa fomu AR-11, ambayo ni bure na hujazwa kwa intaneti. Barua ya wito ikipotelea kwenye anwani ya zamani, hakuna atakayekuamini kwamba ulikuwa zamu ya usiku.

Asiye na makaratasi kabisa naye analindwa na sheria ya ujira wa chini na ovataimu, na idara inayoisimamia haina sababu ya kumuuliza hali yake. Lakini sheria ikiwa moja, hofu si moja. Ndugu huyo aonane kwanza na wakili wa kituo cha msaada wa kisheria. Wakili, si mtu wa kujaza fomu, na si mchungaji.

Sasa ninyi mlioko nyumbani, ambao najua mnatumiwa makala kama hizi na watoto wenu. Dola 16 kwa saa ukizizidisha kwa shilingi unaona bahari. Kwa saa 40 ni dola 640. Ondoa 48.96 za ile 7.65. Ondoa kodi ya serikali kuu, kisha ya jimbo. Jiji la Louisville nalo linachukua asilimia 2.2 kwa mkazi wake, dola 14 na senti 8. Halafu bima ya afya, kisha kodi ya nyumba, kisha bima ya gari, na bila gari hapa huna kazi. Nilimpigia picha slipu yangu kaka yangu Kasulu nikamtumia. Alinyamaza siku mbili, kisha akaandika, akitaja mamlaka ya kodi ya kwetu: "Kumbe hata huko kuna TRA." Tangu siku hiyo mazungumzo yetu ya fedha yamekuwa ya watu wazima. Nakushauri ufanye hivyohivyo. Taja kiasi kimoja cha kila mwezi unachokiweza hata mwezi mbaya, na ukishike. Anayetuma mia tano mwezi huu kwa kukopa, mwezi ujao hutuma visingizio. Tena tuma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi ya benki ya hapa. Tangu tarehe 1 Januari 2026, anayelipa kwa fedha taslimu au hawala ya fedha (money order) anatozwa kodi ya asilimia 1 juu ya kile anachotuma.

Mikopo ya siku ya mshahara, yale maduka yenye taa za njano karibu na vituo vya basi, ipite mbali. Hapa Kentucky inaruhusiwa kutoza dola 15 kwa kila 100 kwa siku 14. Kwa mwaka hiyo inakaribia asilimia 391. Kama dharura imekubana, upatu wa watu mnaojuana, muuite chama kama Wakenya au likelemba kama Wakongo, ni salama zaidi, ila nao uandikwe daftarini. Urafiki mwingi wa Nyarugusu umefia kwenye upatu wa Louisville kwa sababu ya "nilikwambia" na "hukuniambia."

Na je, utabeba maboksi mpaka lini? Kwa wengi wetu ngazi ya kwanza ni cheti cha msaidizi wa wauguzi, CNA. Sheria ya nchi inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, na majimbo mengine huongeza. Kozi binafsi hugharimu mamia ya dola, na hapa watu hupoteza fedha kwa kutojua. Nyumba ya wazee inayopokea malipo ya Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali, ikikuajiri ndani ya miezi 12 baada ya kozi, unastahili kurudishiwa gharama uliyolipa mwenyewe. Nyingi hufundisha bure ukiwa tayari umeajiriwa. Tunza risiti. Kazi hiyo ni ngumu, inaumiza mgongo, nami siipambi, lakini inapatikana karibu kila mji, na kutoka hapo wapo waliofika uuguzi kamili. Wenye vyeti vya nyumbani vya ualimu au udaktari, vitafsirini na vitathminiwe mapema, mwaka wa kwanza, kabla maboksi hayajawazoeza kusahau.

Mama wa Uvira amenunua daftari lake, la kijani. Hajui kusoma Kiingereza, na Kiswahili anakiandika kwa herufi kubwa tupu. Anaandika INGIA, TOKA, KULA. Inatosha.

Ukishaandika wiki nne, ukalinganisha na slipu, ukaona pengo, zungumza kwanza na ofisi ya mishahara, kwa adabu na kwa maandishi. Wakikuzungusha, piga Idara ya Ujira na Saa ya Wizara ya Kazi siku za kazi. Hawatozi kitu, malalamiko yako ni siri, na mwajiri anakatazwa na sheria kukufukuza kwa sababu hiyo. Namba ni 1-866-487-9243. Wakiuliza lugha, sema "Swahili," usikate simu, subiri mkalimani.